Goti Lililochanika Bila Kuanguka: Kisu au Mazoezi?

Malipo ya minada ya korosho yanapoingia kwenye akaunti za wakulima wa Tandahimba na Newala, magoti mengi huanza safari ya Dar es Salaam. Mwaka mzima mtu amevumilia: amepanda ngazi akishika ukuta, amesali juu ya kiti, amejipaka dawa za kuchua mpaka chupa tupu zimejaa dirishani. Sasa, kwa kuwa pesa ipo, anakwenda kupigwa kipimo cha MRI, na anarudi na karatasi yenye maneno machache yanayotosha kuitisha kikao cha ukoo: gegedu la goti limechanika.

Mjomba wangu alirudi na karatasi hiyo akiwa na miaka 58. Hakuwa ameanguka, hakuwa amegongwa na pikipiki, wala hakuweza kuitaja siku ambayo goti lilianza kuuma. Aliambiwa kwamba sehemu iliyochanika inaweza kuondolewa kwa upasuaji wa matundu madogo, na swali lililotukalisha barazani hadi usiku wa manane lilikuwa moja tu: apasuliwe au asipasuliwe? Ni swali ambalo kaya nyingi za Mtwara na Lindi hulijibu kwa haraka kuliko linavyostahili, kwa sababu neno "kuchanika" lenyewe limeshatoa jibu. Kilichochanika hushonwa. Laiti goti lingekuwa nguo, mjadala ungeishia hapo.

Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja unakutana na mfupa wa muundi. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu laini, jeupe na lenye utelezi, kama lile tunaloliona kwenye mfupa wa ng'ombe uliotoka buchani. Katikati yake kuna vipande viwili vya gegedu lililo gumu zaidi, kimoja upande wa ndani wa goti na kingine upande wa nje, vyenye umbo la mwezi mchanga. Madaktari huviita meniska, na ndivyo vinavyotajwa katika karatasi ya MRI. Mwisho wa mfupa wa paja ni wa mviringo, ilhali juu ya mfupa wa muundi ni karibu tambarare, kwa hiyo bila meniska mifupa hiyo ingegusana katika eneo dogo sana. Yeyote aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani, akipanda miteremko ya nyanda za Makonde ambako maji yamekuwa haba tangu enzi za mababu, anaifahamu kazi ya meniska hata kama hajawahi kulisikia jina hilo, kwa maana ndiyo kazi ya ngata. Ngata haiupunguzi uzito wa ndoo hata chembe. Inausambaza tu ili usikandamize sehemu moja ya utosi.

Ngata mpya iliyokunjwa kwa kanga imara inaweza kuchanika ikinaswa na msumari. Hali hiyo inafanana na ya kijana anayecheza mpira katika Uwanja wa Nangwanda Sijaona, ambaye mguu wake unabaki ardhini huku mwili ukigeuka, akasikia goti likilia na kulikuta limevimba baada ya saa chache. Meniska yake ilikuwa nzima, ikapasuliwa na nguvu. Lakini ngata iliyokunjwa kwa kanga ambayo imebeba ndoo kwa miaka 40 huanza kulegea nyuzi na kuachana yenyewe, bila msumari wowote. Mpasuko wa aina hii, unaotokana na uchakavu, ndio uliokuwa katika goti la mjomba, na ndio unaozungumzwa katika makala haya. Aina hizi mbili huandikwa kwa neno lilelile katika majibu ya vipimo, na mkanganyiko mwingi huanzia hapo, kwa sababu mzee wa miaka 60 husikia kwamba mchezaji fulani maarufu alipasuliwa goti akarudi uwanjani, akaamini kwamba yeye na mchezaji huyo wana ugonjwa mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wachache huelezwa. Damu hufika katika ukingo wa nje tu wa meniska. Sehemu kubwa ya ndani haina mishipa ya damu kabisa, na mahali pasipofika damu hapaungi kidonda. Ndiyo maana mpasuko wa uchakavu kwa kawaida haushonwi. Daktari anayeingia katika goti la mtu wa makamo kupitia matundu madogo hashoni: hukata na kuondoa vipande vilivyolegea, kisha husawazisha kingo za kilichobaki. Nilipomweleza mjomba hivyo alinyamaza kwa muda mrefu, kwa sababu alikuwa ameweka akilini picha ya uzi na sindano. Ngata inayokatwa kingo zake hubaki nadhifu zaidi, lakini huwa ndogo zaidi, na ndoo haijapungua uzito. Tangu mwaka 1948 daktari wa upasuaji wa Uingereza aitwaye Fairbank alionyesha kwamba magoti yaliyoondolewa meniska nzima hubadilika sura katika picha za eksirei, yakielekea kwenye usagikaji. Siku hizi haiondolewi nzima, huondolewa sehemu tu, lakini kanuni ya uzito ni ileile.

Je, mpasuko unaoonekana katika picha ndio unaouma?

Hili ndilo swali ambalo kikao chetu cha ukoo hakikuliuliza, na nadhani ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambamo watu 991 wenye umri wa miaka 50 hadi 90 walipigwa picha za MRI za goti. Hawakuchaguliwa kwa sababu ya kuumwa. Walikuwa wakazi wa kawaida wa mji huo. Miongoni mwa wanawake wa miaka 50 hadi 59, asilimia 19 walikuwa na meniska iliyochanika au kuharibika. Miongoni mwa wanaume wa miaka 70 hadi 90, kiwango kilifika asilimia 56. Na kati ya wote waliokutwa na mpasuko, asilimia 61 hawakuwa na maumivu wala ukakamavu wowote wa goti katika mwezi uliotangulia kipimo.

Takwimu hizo zinastahili kusomwa mara mbili. Maana yake ni kwamba ukiwachukua wazee wanaokaa barazani baada ya sala ya alasiri, wakiwamo wale wanaotembea hadi shambani na kurudi bila kulalamika, na ukawapiga wote MRI, utakuta mipasuko katika magoti mengi. Mpasuko wa uchakavu uko karibu zaidi na mvi kuliko na kuvunjika mfupa. Mtu mwenye mvi anaweza kuumwa kichwa, lakini hakuna anayefikiri kwamba kichwa kitapona akinyolewa.

Maumivu hutoka wapi, basi? Sehemu ya ndani ya meniska, kama isivyo na mishipa ya damu, haina pia mishipa ya fahamu ya kutosha kupeleka maumivu. Mara nyingi kinachouma ni utando wa ndani wa goti unapovimba, mfupa ulio chini ya gegedu unapoelemewa, na misuli na kano zinazolizunguka goti zinapochoka kufanya kazi isiyo yao. Kwa lugha ya mtaani tunasema goti "limesagika" au "ute umekwisha". La kwanza lina ukweli, kwa kuwa gegedu laini la ncha za mifupa hukonda kadiri umri unavyosonga, na mpasuko wa meniska ni sehemu ya mabadiliko hayohayo. La pili linapotosha. Ute wa goti hauko kama oili ya injini inayomwagwa ikaisha. Hutengenezwa na utando wa goti siku zote, na goti lililochakaa na kuvimba mara nyingi huwa na maji mengi kuliko kawaida. Zaidi ya hayo, gegedu hupata chakula chake kutoka katika ute huohuo, kwa kukandamizwa na kuachiwa kama sifongo, jambo ambalo hutokea goti linapotembezwa na kubebeshwa uzito wa kiasi. Kumlaza mgonjwa miezi mitatu "ili gegedu lipumzike" ni kulinyima gegedu hilo chakula, na kuinyima misuli ya paja kazi inayoifanya iwe misuli.

Miaka 40 kabla ya kupimwa

Mwaka 1918 daktari Mjapani Kenji Takagi alichungulia ndani ya goti la maiti kwa darubini ya kuchunguzia kibofu cha mkojo. Mwaka 1962 mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, aliondoa sehemu ya meniska iliyochanika kupitia matundu madogo. Ikilinganishwa na upasuaji wa zamani uliofungua goti lote, hiyo ilikuwa hatua yenye heri, kwa sababu mgonjwa aliweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Lakini wepesi huohuo ulifanya upasuaji huu uenee duniani kabla mtu hajauliza kwa makini kama unamsaidia mgonjwa wa makamo kuliko kutompasua, na swali hilo lilipoulizwa hatimaye, ilikuwa imepita miaka 40.

Utafiti wa kwanza ulioushtua ulimwengu wa mifupa ulitoka Houston, Marekani, mwaka 2002. Wagonjwa 180 wenye magoti yaliyosagika waligawanywa kwa kura: wengine walikwanguliwa ndani ya goti, wengine walioshwa tu, na wengine walichanjwa ngozi bila kuguswa ndani, na wagonjwa hawakuambiwa nani alifanyiwa nini. Kwa miaka miwili ya ufuatiliaji, hakuna wakati ambapo waliopasuliwa kweli walikuwa na nafuu kuliko wale waliochanjwa ngozi. Wakosoaji walisema, kwa haki, kwamba utafiti huo ulihusu usagikaji na si mpasuko wa meniska hasa.

Jibu la ukosoaji huo lilikuja kutoka Ufini mwaka 2013, na kwangu mimi huo ndio utafiti ambao kila familia yenye karatasi ya MRI mkononi inapaswa kuufahamu. Watu 146 wenye umri wa miaka 35 hadi 65, wote wakiwa na mpasuko wa uchakavu lakini goti lisilosagika, waliingizwa katika chumba cha upasuaji na kuchunguzwa goti kwa kamera. Hapo ndipo bahasha ilipofunguliwa. Kama bahasha ilisema wakate, daktari alikata. Kama ilisema waigize, daktari aliomba vifaa vilevile, akalisogeza goti vilevile, mashine ya kunyonya maji ikaachwa itoe sauti, na mgonjwa akakaa chumbani muda uleule. Baada ya hapo wote walipewa maelekezo yaleyale ya mazoezi. Mwaka mmoja baadaye makundi yote mawili yalikuwa na nafuu kubwa, na zaidi ya asilimia 80 ya watu katika kila kundi walisema goti lao ni bora kuliko awali, lakini hapakuwa na tofauti ya maana kati ya waliokatwa na walioigiziwa. Walipofuatiliwa hadi miaka mitano, hali ilikuwa hiyohiyo, isipokuwa kwamba dalili za kusagika katika eksirei zilionekana kuzidi kidogo kwa waliokatwa.

Wengine walilinganisha upasuaji na mazoezi moja kwa moja. Huko Norwei, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, watu 140 wenye wastani wa umri wa karibu miaka 50 waligawanywa kati ya upasuaji na wiki 12 za mazoezi ya kusimamiwa, mara mbili hadi tatu kwa wiki. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti katika maumivu na utendaji wa goti, na misuli ya paja ya waliofanya mazoezi ilikuwa imepata nguvu zaidi katika miezi ya mwanzo. Uholanzi iliwapima watu 321 ikafikia hitimisho linalofanana mwaka 2018.

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Utafiti mmoja wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2014, wenye wagonjwa 150, uliona kwamba waliopasuliwa walikuwa na maumivu machache zaidi baada ya mwaka mmoja, ingawa tofauti hiyo haikudumu katika ufuatiliaji wa miaka iliyofuata. Vilevile, katika utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2013 uliowahusisha watu 351 wenye umri wa miaka 45 au zaidi, asilimia 30 ya waliopangiwa mazoezi hawakuridhika, wakaomba kupasuliwa ndani ya miezi sita. Kwa hiyo mazoezi hayamtoshi kila mtu. Lakini jambo lililofuata katika utafiti huo lina thamani kubwa kwa familia inayohofia kuchelewa: waliopasuliwa baada ya mazoezi kushindwa walikuwa, mwaka ulipotimia, na hali inayofanana na ya wale waliopasuliwa tangu mwanzo. Kusubiri hakukuwagharimu chochote. Mwaka 2017 jopo la kimataifa lililowajumuisha madaktari na wagonjwa wenyewe lilichapisha katika jarida la BMJ la Uingereza pendekezo zito dhidi ya upasuaji wa matundu kwa karibu wagonjwa wote wenye goti lililochakaa, wawe na mpasuko au wasiwe nao.

Mbona aliyepasuliwa alipona?

Ushahidi huu hugonga ukuta mmoja, nao ni shemeji au jirani aliyepasuliwa akapona. Simdharau mtu huyo wala simwiti mwongo. Goti lake ni lake na nafuu aliyoipata ni ya kweli. Kinachobishaniwa ni kilichoileta.

Maumivu ya goti lililochakaa hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Mtu hafungi safari ya kilomita zaidi ya 500 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam siku ambayo goti limetulia. Husafiri maumivu yanapokuwa yamefika kileleni, na yakishafika kileleni njia iliyobaki mara nyingi ni ya kushuka, apasuliwe au asipasuliwe. Kwetu kuna sababu ya ziada ambayo haimo katika tafiti za Ulaya. Miezi ya kuokota korosho ni miezi ya kuchuchumaa chini ya mikorosho tangu alfajiri, kuinama na kuinuka mara zisizohesabika, na kubeba magunia hadi ghalani. Goti huvimba katika miezi hiyo, na pesa ya kulitibu hupatikana msimu unapokwisha. Mgonjwa anapasuliwa wakati ambapo kazi iliyomuumiza imekoma. Kisha anarudi nyumbani na magongo, watoto wanamkataza kushika jembe, vibarua wanalipwa kufanya palizi, na wiki baada ya wiki goti linapumua. Sifa zote hupewa kisu, ilhali mikorosho iliyopumzika na jembe lililoshikwa na mwingine havitajwi kabisa.

Upasuaji huu, tukiwa waadilifu, si wa hatari kubwa. Lakini udogo wa tundu si udogo wa upasuaji. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, takriban watu 4 kati ya kila 1,000 walipata damu iliyoganda katika mishipa ya mguu kiasi cha kuonyesha dalili. Maambukizi ndani ya goti ni machache kuliko hapo, lakini yakitokea ni janga. Matatizo machache hukubalika pale ambapo faida ni kubwa. Pale ambapo faida haikuonekana kuuzidi upasuaji wa kuigiza, hata machache yanahitaji kutetewa.

Mazoezi yanayoitwa tiba

Neno "mazoezi" limeiponza tiba hii. Mzee wa Newala anayelima tangu utoto akiambiwa afanye mazoezi huona anadhihakiwa, na mama anayechota maji na kupanda mlima kila siku husema, kwa haki, kwamba hajawahi kuacha mazoezi. Kazi na mazoezi tiba ni vitu viwili. Kazi huuchosha mwili kwa namna inayotakiwa na kazi, siku zote upande uleule na mkao uleule. Mazoezi tiba huchagua misuli iliyo dhaifu, hasa ile ya mbele ya paja na ya makalio, huibebesha mzigo unaopimwa, huiacha ipumzike, kisha huuongeza mzigo. Misuli hiyo ikiwa imara hupokea sehemu ya kishindo cha kila hatua kabla hakijafika ndani ya goti.

Mahali pa kwanza pa kuulizia ni kitengo cha fiziotherapia cha hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa watu wa Mtwara na Sokoine kwa watu wa Lindi. Mkulima wa kijijini hawezi kusafiri mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, na hapaswi kuona aibu kumwambia mtaalamu hivyo tangu siku ya kwanza, ili wapange mahudhurio machache ya kufundishwa na kukaguliwa, na mengine ayafanye nyumbani. Vifaa havihitaji duka. Mjomba alianza kwa kukaa kwenye kiti cha kawaida na kukaza paja huku mguu umenyooshwa, akihesabu hadi kumi. Baadaye alifunga kifundoni mfuko wa mchanga wa kilo moja, kisha wa mbili. Alijifunza kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, kupanda na kushuka ngazi moja ya baraza kwa mguu unaouma, na kusimama kwa mguu mmoja akiwa karibu na ukuta. Kuuma kidogo wakati wa zoezi kunaruhusiwa, mradi kesho yake asubuhi goti liwe limerudi lilivyokuwa. Likiamka limevimba, mzigo ulizidi, na dawa yake ni kupunguza mzigo wenyewe badala ya kuacha.

Wiki ya tatu alitaka kuacha. Hapo ndipo wengi huacha, kwa sababu misuli huchukua wiki sita au zaidi kabla mtu hajaiona tofauti, na mwanadamu anayeumwa hana subira ya kuhesabu wiki. Simtaji mjomba kama ushahidi, kwa sababu mtu mmoja hathibitishi chochote na nimekwisha kusema hivyo kuhusu shemeji na jirani. Namtaja kwa kuwa kilichomrudisha kwenye mazoezi hakikuwa hotuba yangu. Mtaalamu alimwomba ahesabu ni mara ngapi anaweza kuinuka kitini kwa nusu dakika, akaandika ukutani kwa mkaa. Namba ilipopanda, alianza kuamini.

Pamoja na mazoezi, kuna mabadiliko ya mikao ambayo vitabu vya Ulaya haviyataji kwa kuwa watu wao hawakai kama sisi. Mbuzi ya kukunia nazi humkalisha mama chini sana, goti likiwa limekunjwa hadi mwisho, na mkao huo ndio unaolibana pembe la nyuma la meniska. Ikiwekwa juu ya kitu kilichoinuka, nazi inakunwa vilevile na goti linapumua. Choo cha kuchuchumaa kinaweza kuwekewa kiti chenye tundu. Kigoda chini ya mkorosho, kinachosogezwa kila mara, humwezesha mtu kuokota bila kuchuchumaa asubuhi nzima. Anayesali ana ruhusa ya dini yake kukaa kwenye kiti anapokuwa mgonjwa, na hana sababu ya kujilazimisha tahiyatu kwa machozi. Mwenye uzito uliozidi afahamu kwamba, kwa vipimo vilivyofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2005, kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua.

Dawa za maumivu zina nafasi yake, ile ya kumwezesha mgonjwa kufanya mazoezi. Diklofenaki ya kupaka ni salama kuliko ya kumeza. Ya kumeza, inayonunuliwa duka la dawa na kutumiwa mwezi hadi mwezi, huumiza tumbo na figo na hupandisha shinikizo la damu. Sindano ya steroidi ndani ya goti inaweza kutuliza uvimbe kwa wiki kadhaa, lakini haifai kuwa desturi: katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2017, waliochomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupungua kuwazidi.

Wanaopaswa kupasuliwa

Yote haya yasimfanye mtu akimbie hospitali. Goti lililokwama kabisa, lisiloweza kunyooshwa hata kwa kusaidiwa, linaweza kuwa na kipande kikubwa cha meniska kilichojipindua na kuingia katikati ya maungio, na hilo ni la daktari wa upasuaji bila kuchelewa. Lisichanganywe na goti linalokwaruza au kunasa kidogo kisha likaachia, kwa sababu hali hiyo ni ya kawaida katika uchakavu, na katika utafiti uleule wa Ufini kukata hakukuiondoa kuliko kuigiza. Kijana aliyeumia michezoni apimwe mapema, hasa kano za goti zikiwa zimekatika, kwa maana meniska yake inaweza kushonwa. Mtu wa makamo aliyesikia mlio wa ghafla nyuma ya goti alipokuwa akiinuka, akaanza kuchechemea kuanzia saa hiyo, huenda amechanika pale meniska inaposhikana na mfupa, na huyo pia amwone mtaalamu wa mifupa, kwa sababu mpasuko wa mahali hapo hulegeza meniska nzima. Goti lenye joto, jekundu na lililovimba pamoja na homa ni dharura. Na goti lililosagika kiasi cha kumnyima mtu usingizi na mwendo kwa miaka huhitaji mazungumzo ya aina nyingine, ya kuwekewa goti bandia, upasuaji ambao hufanywa katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, na ambao haupaswi kuchanganywa na huu wa kukata kingo za meniska.

Anayebaki ni yule asiye na lolote kati ya hayo, ambaye amefanya mazoezi kwa uaminifu kwa miezi mitatu na goti bado linamzuia kuishi. Kwake, kupasuliwa si kosa, na asiaibishwe na ndugu waliosoma makala kama hii. Aende akiwa ameambiwa wazi kwamba atakatwa na hatashonwa, na kwamba nafuu inaweza isiwe kubwa kuliko ile ambayo angeipata kwa kuendelea kusubiri. Kabla ya kusafiri apange ni nani karibu na kwao atakayemsimamia mazoezi baada ya upasuaji, kwa sababu yatahitajika yaleyale. Na siku ya kurudi amwombe dereva wa basi amruhusu ashuke Somanga na Nangurukuru atembee hatua chache, maana kukaa safari nzima na mguu uliokunjwa, siku chache baada ya kupasuliwa, huiongezea damu nafasi ya kuganda.